Uzi: Majengo ya zamani ya halmashauri kuhamia kwenye umeme. Anzieni chumba cha swichi kuu, mashine zije baadaye

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kazi yangu ni umeme wa majengo ya umma. Ofisi za manispaa, maktaba, kumbi, zahanati, vituo vya zimamoto, mabwawa ya kuogelea ya ndani, nimepita kote huko. Siku hizi kila halmashauri inazungumzia jambo moja: kuachana na boila za dizeli na gesi (mitambo inayochemsha maji ya kupasha jengo joto), na kuendesha jengo zima kwa umeme. Jambo jema sana, nami naliunga mkono kwa moyo wote. Kinachoniuma ni linavyoanzwa.

Kikao cha kwanza kinajadili mashine. Cha pili kinajadili bei ya mashine. Cha tatu anasimama mtu na kusema, "Umeme wa jengo hili hautoshi, lazima tupate transfoma mpya." Hapo mradi unalala, kwa sababu transfoma mpya ni maombi, foleni, kuchimba barabara na fedha ambazo hazikuwa kwenye bajeti. Boila nayo haisubiri vikao. Siku moja ya baridi inapasuka, watu wanatetemeka na makoti ofisini, na ndani ya wiki inanunuliwa boila nyingine ya dizeli kwa manunuzi ya dharura. Hiyo itakaa miaka 20 au zaidi. Nafasi imeshapotea.

Nimeshuhudia mzunguko huo mara nyingi mno, ndiyo maana naandika. Ombi langu ni moja: kabla hamjaandika barua ya kuomba transfoma, pimeni. Majengo mengi niliyofungua paneli zake yana umeme wa ziada ambao hakuna mtu aliyewahi kuuhesabu.

Niwape kisa. Kuna jengo moja la halmashauri, ghorofa tatu, ambalo sitalitaja. Mkandarasi alitoa boila ya maji moto akaweka hita sita za umeme za kawaida, kila moja kW 9. Zote kwenye DB moja (paneli ya kugawa umeme), zote zinawaka zinapojisikia. Piga hesabu: kW 54 kwa fezi tatu (nyaya tatu zinazoleta umeme jengoni) za volti 400 ni karibu ampea 78 kwa kila fezi, zikiongezeka ghafla juu ya taa, lifti na pampu. Kila Jumatatu asubuhi, wafanyakazi wa usafi wakishafungua maji kidogo tu, breka kuu inakata. Mkandarasi akaandika taarifa kwamba transfoma ni ndogo.

Nilipoitwa nilifungua mlango wa paneli, na harufu ilinifikia kabla sijawasha tochi. Plastiki iliyoungua. Kwenye fezi ya katikati, pale kebo kuu inapofungwa, ganda la kebo lilikuwa limegeuka kahawia, mbele zaidi jeusi, na nilipoligusa lilipukutika vipande vidogo vidogo. Tulikuwa tumeshazima na kupiga kufuli upande wa juu. Nikaweka bisibisi kwenye skrubu, ikazunguka karibu nusu duara bila kukaza popote. Skrubu ilikuwa imelegea, labda kwa miaka, ikitoa joto kila mzigo unapopanda, na joto hilo ndilo lililokuwa linaichokoza breka ikate mapema. Transfoma haikuwa na kosa lolote.

Tulikata kebo mpaka kwenye shaba safi, tukaifunga upya kwa spana inayopima nguvu ya kukaza, tukaweka kidhibiti kinachozipokezanisha hita usiku. Jengo bado linatumia laini ileile ya umeme.

Hilo la kupokezana ndilo ningependa kila mhandisi wa halmashauri alielewe, kwa hiyo nalikokotoa hapa. Kupandisha lita moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji Wh 1.16. Tangi la lita 1,000 likitoka nyuzi 20 kwenda 60 linataka kWh 46 hivi. Ukitaka liive kwa saa moja, andaa kW 46. Ukilipatia muda wa saa nane usiku, wakati jengo limelala, kW 6 zinatosha. Na ukiweka pampu ya joto, yaani mashine inayochota joto la nje na kulihamishia ndani, inayotoa sehemu tatu za joto kwa sehemu moja ya umeme, unabaki na kW 2, kiasi cha birika moja la umeme. Maji ni yaleyale, tangi ni lilelile. Tofauti ya kW 46 na kW 2 imeletwa na muda na aina ya mashine.

Sasa kupima kwenyewe. Kama meta yenu ni ya kidijitali, huenda tayari inaweka kumbukumbu ya matumizi kila dakika 15 au 30. Ombeni kumbukumbu hizo za mwaka mzima kwa shirika la umeme. Kama haipo, fundi aweke kifaa cha kurekodi chenye klampu tatu (vibanio vya kupimia vinavyozunguka kebo), moja kwa kila fezi, kikae angalau wiki mbili za msimu ambao jengo linatumia umeme mwingi zaidi. Kilele mtakachokiona ndicho kilele halisi. Msijumlishe namba za vibati (bamba zinazoonesha ukubwa) vya mashine zote mkasema huo ndio mzigo, kwa sababu mashine zote haziwaki pamoja.

Pembeni ya hapo kagueni nyaya zenyewe. Majengo ya zamani sana yana waya wa ganda la raba lililokauka, likikunjwa linapasuka. Pimeni uimara wa ganda kwa mega (kifaa cha kupima kama ganda linavujisha umeme) ya volti 500. Chini ya megaohmu 1, saketi hiyo haifai kuongezewa kitu, inavutwa upya. Angalieni pia kama kuna ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini, inayofika kila soketi. Nimekuta majengo ya ofisi yenye soketi za matundu matatu ambazo tundu la tatu halijaunganishwa popote.

Ulizeni chochote, nitajibu kadiri ninavyojua.

MtunzaUkumbi

Mkuu, umenigusa. Mimi ni msimamizi wa ukumbi wa mikutano ulioungana na ofisi za halmashauri. Boila yetu ya dizeli ina kibati cha kW 150. Mshauri alikuja, akaangalia kibati, akasema tukiondoa boila tunahitaji umeme wa kW 150 zaidi, kwa hiyo transfoma mpya. Mradi umesimama mwaka wa pili sasa. Kweli tunaweza kukwepa?

Mleta uzi

Ndugu MtunzaUkumbi, kibati cha boila kinakwambia ukubwa wa boila, hakikwambii jengo linahitaji joto kiasi gani. Boila za zamani zilipangwa kubwa kwa makusudi, mara nyingi mara mbili ya mahitaji, kwa sababu aliyezipanga hakutaka kulaumiwa. Halafu huenda tangu wakati huo madirisha yalibadilishwa au dari liliwekewa kizuia joto.

Tafuta daftari la mafuta. Andika lita zilizotumika wiki ya baridi kuliko zote. Lita moja ya dizeli ina nishati ya kWh 10 hivi, na boila iliyozeeka inapoteza sehemu ya tano au zaidi kwenye bomba la moshi. Kwa hiyo lita moja inaingiza kama kWh 8 ndani ya jengo. Lete lita za wiki hiyo, lete ampea za breka kuu, lete vipimo vya fezi tatu. Tutakokotoa hapahapa.

FundiBomba

Naunga mkono hoja, ila naongeza upande wangu wa mabomba, maana wengi wanaumia hapa. Redieta za majengo ya zamani, yale mabati ya vyumbani yanayopitisha maji ya moto, zilipangwa kwa maji ya nyuzi 70 hadi 80. Pampu ya joto inapenda kutoa maji ya nyuzi 55 kushuka chini. Ukimpelekea redieta maji ya baridi zaidi, joto linalotoka linashuka kwa kasi: tofauti kati ya redieta na chumba ikitoka nyuzi 50 hadi 30, redieta inatoa nusu tu ya joto lake. Mtu akiweka mashine bila kuangalia hilo, wafanyakazi wataganda, na wote watasema pampu za joto hazifai.

Mleta uzi

Shukrani FundiBomba, hapo umesema kweli tupu. Jaribio ninalolipenda halihitaji kununua kitu: boila ikiwa bado nzima, siku za baridi kali ishushe hadi maji yatoke nyuzi 55, kisha tembea chumba kwa chumba na kipimajoto. Iache siku tatu nne tu, kwa sababu boila za aina ya zamani zikiendeshwa na maji ya baridi muda mrefu zinatoa jasho ndani na kuliwa na kutu. Utakuta vyumba vingi viko sawa. Vinavyolalamika ni vya pembeni, vya chini ya paa, na ukumbi wenye kioo kikubwa. Hivyo ndivyo vya kubadilishiwa redieta au kuzibiwa nyufa za madirisha, vingine viache. Sijakutana na jengo ambalo redieta zote zilihitaji kung'olewa, ingawa mikataba mingi huandikwa hivyo.

Tahadhari moja: jaribio hilo ni kwa maji ya redieta tu. Tangi la maji ya kuoga na kunawa libaki nyuzi 60, kwa sababu tangi likiachwa vuguvugu, bakteria wa Legionella, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, wanaweza kuzaliana.

Mhifadhi_Urithi

Wakuu, kwa heshima zote, majengo mengine ni ya urithi. Kuta za mawe, dari za mbao zilizochongwa, huwezi kugusa kitu. Mazungumzo haya ya umeme ni kwa majengo ya juzi. Jengo la miaka 300 liacheni na boila yake.

Mleta uzi

Naelewa wasiwasi wako, na kuta hizo nami nazipenda. Lakini angalia Rathaus ya Zürich kule Uswisi, jengo la halmashauri lililojengwa kati ya 1694 na 1698, limesimama pembezoni mwa mto Limmat. Mwaka 1938 liliwekewa pampu ya joto ya kW 100 inayochota joto kutoka kwenye maji ya mto huo na kupasha maji ya redieta hadi nyuzi 60. Majira ya joto ilikuwa inaweza kupoza jengo. Mashine hiyo ilifanya kazi miaka 63, mpaka ilipobadilishwa mwaka 2001. Maana yake boila ngapi zingezaliwa na kufa hapo katikati?

Uingereza nako, mwaka 1945, John Sumner aliyekuwa mhandisi wa umeme wa jiji la Norwich, aliunda pampu ya joto ya kupasha majengo ya ofisi za halmashauri kwa maji ya mto. Vita vilikuwa vimemaliza kila kitu, vifaa ilibidi aviokoteze. Kwa msimu ilitoa joto mara tatu na zaidi ya umeme ulioingia.

Ninayataja haya kwa sababu jengo la urithi ndilo linalofaidika zaidi na kazi inayofanyika nje ya kuta. Bomba la maji ya redieta tayari limepita ndani tangu zamani. Linalobadilika ni chanzo cha joto, kule chini kwenye chumba cha boila. Ukiwa na mto, kisima au ua wa kuchimba, huhitaji hata kuweka mashine ya feni mbele ya jengo.

Mhifadhi_Urithi

Hilo la Zürich sikulijua. Nashukuru. Hoja yangu ya dari inabaki palepale, lakini kumbe hamna haja ya kuligusa.

Mlinzi_wa_Eneo

Kabla mafundi hawajaingia kwenye hicho chumba cha boila, nawasihi: ile bandeji nyeupe iliyofungwa kwenye mabomba ya zamani, yenye plasta ngumu juu, inaweza kuwa asbestosi, ambayo vumbi lake linaharibu mapafu. Usiikate, usiikwangue, usiifagie. Chukua sampuli kwa mtaalamu, ipimwe maabara. Hali kadhalika vigae vya sakafu na mbao za nyuma ya paneli za umeme. Nilifanya kazi na mtu aliyetoboa ubao wa nyuma ya DB kwa dakika kumi, vumbi likamjaa usoni, ndipo tukapata majibu ya maabara. Mpaka leo anaenda kupimwa mapafu. Halmashauri iliyompa kazi haikuwa imepima kitu.

Na balasti (vifaa vya kuwashia na kudhibiti umeme) za taa za floresenti za kabla ya miaka ya 1980, pamoja na mafuta ya transfoma za umri huo, zinaweza kuwa na PCB, kemikali ya sumu. Ndani ya Mkataba wa Stockholm, nchi wanachama zilipewa hadi 2025 kuacha kutumia vifaa vyenye kemikali hiyo, na hadi 2028 kuiteketeza kwa njia salama. Msizitupe jalalani.

Mleta uzi

Mkuu, hili lingekuwa kwenye bandiko langu la kwanza, na ni kosa kwamba halimo. Upimaji wa asbestosi uwe wa kwanza kwenye ratiba, hata kabla ya klampu zangu. Pole sana kwa mwenzako.

HesabuSafi

Mimi niko idara ya fedha. Swali langu ni la bili. Tukihamishia kila kitu kwenye umeme si tutaumia na tozo ya kilele?

Mleta uzi

Dada au kaka HesabuSafi, swali zuri mno, na watu wa fedha hawaalikwi kwenye vikao vya ufundi ndiyo maana tunakosea. Kwenye viwango vingi vya majengo makubwa mnalipia vitu viwili: jumla ya kWh, na kilele cha kVA (kipimo cha mzigo wote ambao jengo linavuta kwa wakati mmoja) ndani ya dakika 15 au 30 zozote za mwezi. Kosa la dakika 15 linalipiwa mwezi mzima. Zile hita sita za kwenye kisa changu zilikuwa zinatengeneza kilele kipya kila Jumatatu.

Dawa yake ni kidhibiti kinachojua mzigo wa jengo zima. Kilele kikikaribia, kinasimamisha hita ya tangi dakika 20, hakuna atakayehisi. Kinashusha chaja za magari kutoka kW 7 hadi kW 3. Lifti na taa hakizigusi. Kama meta inasoma kVA, rekebisheni pia mota za zamani zenye pawa fakta mbaya, maana mnalipia umeme ambao haufanyi kazi.

Na taa, jamani, taa. Mrija wa floresenti wa W 36 pamoja na balasti yake ya chuma unakula kama W 45. Wa LED wa kuchukua nafasi yake ni W 18 hivi. Watu hubadilisha taa kwa ajili ya bili na kuishia hapo. Mimi nabadilisha taa kwanza ili nipate ampea za kuendeshea pampu ya joto. Kila W unayoondoa darini ni W uliyoipata kwenye swichi kuu bila kumwomba mtu.

Jikoni_Daima

Sisi tuna jiko la gesi la mgahawa wa wafanyakazi. Nimeambiwa tutapewa majiko ya induksheni. Wapishi hawataki kusikia.

Mleta uzi

Wape sumaku. Kila sufuria inayonata sumaku chini itafanya kazi, isiyonata haitafanya kazi, za alumini na shaba tupu hazifai mpaka ziwe na kitako maalum. Fanyeni orodha ya sufuria kabla ya orodha ya majiko. Halafu azimeni jiko moja la induksheni wiki mbili, mpishi mwenyewe ajaribu kwa sufuria yake kubwa kabisa. Mara nyingi kinachowashawishi ni joto la chumba: kwenye gesi zaidi ya nusu ya moto unapita pembeni ya sufuria na kuwapiga wao usoni.

Swali_Gumu

Umeme ukikatika? Kila kitu kiko kwenye umeme, jengo zima linakufa. Angalau boila ya dizeli inaendelea.

Mleta uzi

Nakuomba ufanye jambo moja: nenda kwenye boila yako, zima umeme wake tu, uone. Bana lake, yaani kichomeo cha mafuta, linawashwa na umeme, pampu ya kuzungusha maji ni ya umeme, kadi ya kuongoza ni ya umeme. Boila za kisasa na nyingi za zamani zinazimika sekunde ileile. Wengi wanadhani wana akiba ambayo hawana.

Lakini hofu yako ni ya haki kwa zahanati, kituo cha zimamoto na jengo la kukimbilia watu wakati wa maafa. Huko ninatenga paneli ya mizigo muhimu: taa za njia za kutokea, mawasiliano, friji za dawa, pampu ya kuzungusha maji ya redieta, chumba kimoja au viwili vya joto. Paneli hiyo inapata betri, na pale inapolazimu, jenereta. Tangi kubwa la maji ya moto nalo ni betri ya aina yake, linashikilia joto la usiku kucha. Pampu ya maji ya zimamoto msiiguse mpaka mamlaka ya zimamoto iseme ilishwe vipi, hata kama ndiyo mashine ya mwisho ya dizeli inayobaki kwenye jengo.

FundiBaridi

Nidokeze kuhusu gesi ya ndani ya mashine. Msikubali mashine kwa bei tu. R410A, gesi ya pampu nyingi za joto, ina nguvu ya kuongeza joto duniani mara 2,088 ya kaboni dioksidi, na tangu Marekebisho ya Kigali ya 2016 aina hizo zinapunguzwa hatua kwa hatua. Miaka kumi mbele kuijaza itakuwa shida. Propani, R290, iko kwenye 3 tu na inatoa maji ya moto zaidi, vizuri sana kwa redieta za zamani. Inawaka, kwa hiyo mashine ikae nje, mbali na madirisha na mashimo ya mifereji, na fundi awe amefunzwa.

Mleta uzi

Nakazia. Hapo kwa "maji ya moto zaidi" pameokoa miradi yangu miwili ambayo redieta zilikuwa zimegoma kwenye nyuzi 55.

MtunzaUkumbi

Wakuu, nimerudi. Imechukua wiki tano. Mlinzi_wa_Eneo, tulipima kwanza kama ulivyosema: bandeji ya mabomba ya chumba cha boila ni asbestosi kweli, tumefunga chumba na kampuni yenye kibali inakuja kuiondoa. Ubao wa nyuma ya paneli ni msafi.

Mleta uzi, namba ulizotaka:
Breka kuu: ampea 200, fezi tatu, volti 400. Shirika la umeme limethibitisha kwamba kebo na mkataba wetu vinabeba kiasi hicho.
Kilele kwa fezi: ya kwanza ampea 96, ya pili 61, ya tatu 58. Zote saa tatu asubuhi.
Dizeli wiki ya baridi kuliko zote kwenye daftari: lita 1,050.
Mirija ya floresenti: 180, niliihesabu mwenyewe kwa ngazi.

Fundi wetu amekaza skrubu zote za paneli, mbili zilikuwa zimelegea.

Mleta uzi

Ndugu yangu, umefanya kazi ambayo mshauri alilipwa kuifanya. Twende.

Joto kwanza. Lita 1,050 kwa kWh 8 kila moja ni kWh 8,400. Wiki ina saa 168. Wastani ni kW 50. Hiyo ndiyo wiki mbaya kuliko zote, na boila yenu ni ya kW 150. Ongeza nafasi ya kuamsha jengo asubuhi, tuseme pampu ya joto ya kW 65, na iwashwe saa tisa usiku ili isikimbizane na saa tatu asubuhi. Baridi ikiwa kali, tuseme inatoa mara mbili na nusu tu ya umeme inaokula: kW 26. Kwa fezi tatu hiyo ni karibu ampea 40 kila fezi.

Taa: mirija 180 kutoka W 45 hadi 18 inawarudishia karibu kW 5, yaani ampea 7 kwa fezi.

Fezi ya kwanza imebebeshwa peke yake. Wastani wa fezi zenu tatu ni ampea 72. Fundi ahamishe saketi kadhaa kutoka ya kwanza kwenda ya tatu, na hata asipofika kwenye usawa kamili, acheni iwe 80. Toa 7 za taa, baki na 73. Ongeza 40 za pampu ya joto: 113. Breka ni ya 200, na kwa mzigo wa kudumu sipendi kuvuka 160. Bado mna ampea zaidi ya 40 za jiko, maji ya moto na chaja mbili za magari kama zitadhibitiwa.

Barua ya transfoma msiitume. Mpe mshauri namba hizi na umwombe aoneshe kwa maandishi wapi nimekosea. Wakati anajibu, anzeni na taa na kupanga fezi, kazi hizo hazihitaji kibali cha mtu. Baada ya hapo acha klampu palepale mwezi mzima zaidi, ulete kilele kipya. Nataka kuona hiyo fezi ya kwanza imeshuka hadi ngapi.

MtunzaUkumbi

Zabuni ya taa inatoka Jumatatu. Klampu haziondoki.